Koroboi za soko la jioni: amri za korona zilivyomfikia mwanamke wa kijijini magharibi mwa Kenya

Ukipita barabara ya Kisumu kwenda Busia jua likishazama, ukikaribia Luanda, utaona vitaa vidogo kandokando ya lami. Zamani zote zilikuwa koroboi. Siku hizi nyingine ni taa za sola. Nyuma ya kila taa ameketi mwanamke, na mbele yake gunia limetandikwa chini: mafungu ya mrenda, managu na saga, nyanya zimepangwa nne nne, omena kwenye gorogoro, ndizi mbivu. Hilo ndilo soko la jioni. Halina lango wala ukuta, na ukija mchana hutaliona.

Shangazi yangu aliuza mboga hapo kwa zaidi ya miaka kumi. Asubuhi alikuwa shambani, mchana kisimani na jikoni, saa kumi alichuma mboga, na saa kumi na moja na nusu gunia lilikuwa limeshatandikwa. Wateja wake walikuwa vibarua wa mjengo waliolipwa siku hiyo hiyo, vijana wa bodaboda, na walimu walioshuka matatu wakiwa hoi, wanataka kitu cha kupika mara moja. Walianza kuonekana saa kumi na mbili na nusu. Pesa yenyewe ilikuja kati ya saa moja na saa mbili na nusu usiku.

Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilianza kote Kenya, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Mengi yamesemwa kuhusu korona na wanawake wa mashambani, na mara nyingi husemwa kama orodha: biashara ziliharibika, watoto walikaa nyumbani, vipigo viliongezeka, hospitali ziliogopwa. Yote ni kweli, lakini orodha haielezi kwa nini amri zilezile zilimkuta mwanamume wa mjini kwa namna moja na mwanamke wa kijijini kwa namna nyingine. Mimi naona fundo liko kwenye saa na kwenye mikutano. Kazi ya mwanamke wa kijijini huku kwetu imekaa kwenye pembe za siku, alfajiri na magharibi, kwa sababu katikati ya siku ni ya shamba na nyumba. Na usalama wake, yaani akiba, mkopo, habari na msaada wa kuzaa, unategemea watu kukutana. Amri za korona zilikata pembe za siku, kisha zikakataza kukutana.

Tukumbushane mpangilio wenyewe. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Nairobi mnamo Machi 12, 2020. Siku tatu baadaye shule ziliamriwa kufungwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na kabla ya mwezi kuisha kafyu ikaja. Aprili 6 eneo la Nairobi lilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata. Kufuli hiyo iliondolewa Julai 7. Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku mwezi Juni, ikaendelea kusogezwa mbele na nyuma, na haikuondolewa kabisa hadi Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa.

Angalia basi: Machi na Aprili 2020 ugonjwa ulikuwa zaidi Nairobi na Pwani. Huku Vihiga, Siaya, Busia, mtu angeweza kukaa wiki nyingi asimjue hata mgonjwa mmoja. Amri zilitutangulia, ugonjwa ukaja baadaye. Nitarudi hapo, maana ndipo palipozaa ubishi uliokuja kutuumiza mwaka uliofuata.

Kafyu ya saa moja haikumaanisha kufunga saa moja. Jua la huku huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Ili muuzaji awe nyumbani saa moja, akitembea na karai kichwani, aondoke sokoni saa kumi na mbili. Na mteja aliyekuwa akitoka kazini Kisumu naye alikuwa anakimbizana na saa hiyo hiyo, hakuwa na muda wa kusimama kuchagua mrenda. Kwa hiyo muuzaji na mteja walikuwa barabarani kwa wakati mmoja, kila mmoja akikimbilia kwake, na biashara ikapita katikati yao. Mboga haisubiri kesho. Mrenda uliolala hauna mnunuzi. Unaliwa nyumbani au unapewa ng'ombe. Shangazi alijaribu kuhamia saa nane mchana. Alikaa na jua, akauza kidogo sana, na shamba likabaki na magugu.

Waliokuwa na meza kwenye masoko ya mchana hawakupona pia. Mwanzoni kaunti nyingi zilifunga masoko ya wazi, na yalipofunguliwa wauzaji walitawanywa, wengine kwenye viwanja vya michezo, mbali na stendi. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na mwenye gari hakukubali kula hasara hiyo: nauli ilipanda, njia nyingine karibu maradufu. Mwanaume anayekwenda kazini hulipa nauli ya mtu mmoja. Mama mwenye gunia la viazi vitamu hulipa yake na ya gunia. Nimesikia watu wakishangaa kwa nini bei ya mboga ilipanda mjini huku zikioza mashambani, kana kwamba ni muujiza. Hapakuwa na muujiza. Kati ya shamba na sufuria palikuwa na matatu, na matatu hiyo ilikuwa nusu tupu.

Mitumba ina kisa chake. Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ilizuia uingizaji wa nguo za mitumba kutoka nje, kwa hofu ya virusi, na zuio likakaa hadi Agosti. Akina mama wanaonunua marobota katika masoko ya Gikomba, Nairobi, au Kibuye, Kisumu, na kuuza kipande kimoja kimoja kwenye masoko ya vijijini wakajikuta wanauza mabaki ya mabaki. Bei ya robota ilipanda, na ubora ukashuka.

Kule Busia na Malaba hali ilikuwa ngumu zaidi, na pia ilikuwa ngumu kueleweka. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa watu, lakini mizigo iliruhusiwa kupita. Kwenye karatasi biashara iliendelea: malori yalipanga foleni za kilomita nyingi huku madereva wakisubiri kupimwa. Lakini mwanamke anayevuka na trei za mayai, ndoo ya maharagwe au mkungu wa ndizi si lori. Yeye mwenyewe ndiye gari, na gari lake ni mtu, na watu walizuiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi wa biashara ndogo ya mpakani, kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, lakini ni utaratibu unaomtaka mtu afike dirishani na mzigo wake. Dirisha likafungwa kwake, likabaki wazi kwa kampuni. Wengine walijiunga watu kadhaa wakapakia mzigo wao kwenye gari la mtu mmoja, wakamwamini. Wengine wakaingia njia za panya, ambako faida huliwa na bodaboda na anayetaka kitu kidogo, na mwanamke akiwa peke yake vichakani hatishwi na kukamatwa tu.

Ziwani nako shida ilikuwa saa. Omena huvuliwa usiku, tena usiku usio na mwezi. Wavuvi hutoka machweo na taa zao, taa huwavuta omena juu ya maji, na mashua hurudi alfajiri. Mwanamke mchuuzi anapaswa kuwa ufuoni kabla mashua haijagusa mchanga, maana anayechelewa hukuta karai limejaa la mwenzake. Kisha anaanika kwenye nyavu kuukuu, na jua la asubuhi ndilo linalomtengenezea bei. Sasa weka kafyu inayoisha saa kumi na moja alfajiri juu ya ratiba hiyo. Anayetoka nyumbani saa kumi usiku ni mhalifu. Anayetoka saa kumi na moja na nusu amechelewa.

Na kuna jambo ambalo watu wa ufuoni hulitaja kwa sauti ya chini: jaboya. Ni ule uhusiano ambapo mvuvi humpa mchuuzi kipaumbele cha samaki, naye hutarajia kulala naye. Umekuwepo miaka mingi kabla ya korona, na umekuwa ukipigwa vita na vikundi vya wanawake walionunua mashua zao wenyewe. Hesabu yake ni nyepesi: samaki wakipungua na wanunuzi wakibaki wale wale, nguvu ya anayegawa huongezeka. Kila amri iliyopunguza mashua majini ilimwongezea mvuvi nguvu hiyo, hata kama hakuna aliyekusudia.

Mwaka huo huo, kana kwamba mambo hayatoshi, mvua zilizidi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kupita rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Nyando na Budalangi watu walihama makwao, wakalala wamebanana katika madarasa na makanisa, huku redio ikiwahimiza wakae mita moja na nusu kutoka kwa jirani.

Kufungwa kwa Nairobi kulituumiza kwa mlango mwingine. Nyumba nyingi za Vihiga na Kakamega zina mashamba madogo mno. Mtu anaweza kurusha jiwe kutoka mpaka hadi mpaka. Nyumba hizo huishi kwa pesa ya mjini, kutoka kwa mume anayelinda geti, binti anayefanya kazi ya nyumbani, mtoto anayeuza barabarani. Aprili pesa hiyo ilipungua au ikakata kabisa. Kabla ya Aprili 6, waliobahatika walikimbilia nyumbani na watoto, na mama aliyekuwa akipokea shilingi elfu mbili kila mwisho wa mwezi akawa anapokea midomo minne ya kulisha.

Nafuu ilikuwepo, tuseme ukweli. Kuanzia katikati ya Machi 2020 kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukutozwa ada, na hilo likadumu hadi Desemba 31. Kwa mtu anayetumiwa mia mbili, ada ile ilikuwa jambo. Lakini kuzitoa kwa wakala bado kulilipiwa, na asiyetumiwa kitu hafaidiki na kutuma bure.

Nafuu nyingine za serikali ziliwahusu watu wenye karatasi. Aliyepata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi aliondolewa kodi ya mapato; muuza mrenda hana hati ya mshahara ya kuondolewa chochote. Ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini mboga, maziwa mabichi na mahindi hayakuwa na ushuru huo tangu awali. Mpango wa serikali wa Kazi Mtaani uliwapa vijana vibarua vya kufagia na kuzibua mitaro, ila katika mitaa ya mabanda ya mijini. Wazee wa miaka 70 na zaidi walipata fedha zao za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na nyumba nyingi za kijijini zilikula kutoka kwa fedha za bibi. Mwanamke wa miaka 40, mwenye watoto watano na gunia la mboga, hakuwemo katika daftari lolote. Sidhani aliachwa kwa ubaya. Hakuonekana, kama soko lake lisivyoonekana mchana.

Mwenye kumwona alikuwa chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Na hapa naomba nikae kidogo, maana wasiojua chama hudhani ni wanawake kukaa kunywa chai.

Chama cha shangazi kilikuwa na wanawake ishirini na wawili. Walikutana kila Alhamisi saa tisa, chini ya mparachichi wa mwenyekiti. Katikati palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, na kila kufuli ufunguo wake ulishikwa na mwanamke tofauti, kutoka boma tofauti. Mweka hazina alikaa na sanduku lakini hakuwa na ufunguo. Ndiyo maana ya mpangilio: hakuna awezaye kulifungua peke yake, wala wawili kula njama, wala mume wa mtu kumlazimisha mkewe usiku. Akiba ikihesabiwa mbele ya wote, mikopo ikitolewa, faini za uchelewaji zikitupwa kwenye bakuli lake, sanduku hufungwa tena. Mkopo wa shilingi elfu tatu uliolipwa kwa miezi mitatu ndio uliokuwa karo, mbegu, dawa na mtaji wa karai la omena.

Mikusanyiko ilipokatazwa, funguo tatu hazikuweza kukutana. Pesa ilikuwepo, ndani ya chumba, chini ya kitanda, na haikugusika. Wenye simu janja wangehamia kwenye simu, lakini wengi wa wale ishirini na wawili walikuwa na kabambe, na wengine walitumia laini ya mume. Wakaamua akiba itumwe kwa simu ya mweka hazina. Hapo hapo zile kufuli tatu zikageuka kuwa namba moja ya siri ya mtu mmoja. Mweka hazina wao alikuwa mwaminifu. Vyama vingine havikuwa na bahati hiyo. Lakini hata kwa uaminifu huo, mwanamke aliyekopa Februari hakuweza kulipa Mei, na aliyetaka kukopa Mei alikuta akiba imelala kwa waliokopa Februari. Wengine wakauza kuku, kisha mbuzi. Kwa wachache ikawa ng'ombe.

Ndani ya nyumba, neno "kaa nyumbani" lilikuwa na kichekesho chake. Mwanamke wa kijijini alikuwa nyumbani tayari; waliokuja kukaa ni wengine. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, na wengine wote Januari 4, 2021. Karibu miezi kumi, uji wa saa nne na chakula cha mchana vilivyokuwa vya shule vikahamia kwenye jiko la kuni la mama.

Maji peke yake yanatosha kuonyesha. Kwa shangazi walikuwa watu watano; Aprili wakawa tisa. Kabla ya hapo mitungi minne ya lita ishirini ilitosha siku. Halafu likaja agizo zuri, lisilo na ubaya wowote: nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde ishirini, kila mara. Wakatundika kibuyu chirizi karibu na choo na kingine mlangoni, watoto wakavipenda mno, wakanawa hata pasipo na sababu. Mitungi ikawa tisa, siku nyingine kumi. Kisima kiko chini bondeni, kupanda ni dakika ishirini ukiwa na mzigo. Wasichana walisaidia, ndiyo. Na saa ambayo redio ilikuwa ikifundisha hesabu za darasa la saba, msichana wa darasa la saba alikuwa bondeni.

Kuhusu wasichana pana takwimu iliyozua kelele nyingi, na inafaa kufunguliwa. Juni 2020 habari zilienea kwamba wasichana karibu elfu nne wamepata mimba Kaunti ya Machakos wakati wa korona. Nchi ikashtuka. Lakini idadi ile ilihesabiwa kuanzia Januari, na msichana aliyefika kliniki Januari au Februari hakupata mimba kwa sababu ya shule kufungwa Machi. Tena ukilinganisha na miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia, haikuwa imeongezeka. Basi wengine wakahitimisha kwamba ilikuwa kelele tupu, na hapo nao wakakosea. Huku Siaya, watafiti waliwafuatilia wasichana 910 wa shule za sekondari za kutwa. Walilinganisha waliomaliza kidato cha nne Novemba 2019 na waliokatizwa na korona wakafanya mtihani wao Machi 2021. Kundi la pili lilikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo. Kwa hiyo kelele ya Juni ilikuwa na namba isiyofaa, na jambo lenyewe lilikuwa la kweli; lilihitaji muda kuonekana, kama mimba zote.

Sababu hazihitaji falsafa. Shule ya kutwa humshika msichana kuanzia asubuhi hadi jioni. Sodo za serikali hugawiwa shuleni. Shule zikifungwa, mgao hukatika, na msichana asiye na shilingi hamsini atampata mtu wa kumpa.

Kuzaa usiku kulikuwa hofu ya aina yake. Tangu huduma ya Linda Mama iwepo, akina mama wengi walishazoea kujifungulia kituo cha afya bila malipo. Gari la kuwafikisha ni bodaboda, na uchungu hupenda usiku. Dharura za matibabu ziliruhusiwa wakati wa kafyu, lakini ruhusa hiyo ilikuwa kwenye tangazo, na kijana wa bodaboda alikuwa gizani na askari mwenye rungu. Wengi walizima simu saa moja. Nairobi, daktari Jemimah Kariuki aliliona tatizo hili mapema na kuanzisha mpango wa kuwatafutia wajawazito teksi usiku. Wazo zuri, ila kijijini kwetu huwezi kuita teksi, hata mchana. Mwanamke alirudi kwa mkunga wa jadi, au alikwenda kulala kwa jamaa karibu na hospitali wiki mbili kabla ya siku zake, akiacha watoto na jirani.

Kisha Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma hadi mwaka uliofuata. Huo ulikuwa mgomo, si amri ya korona, na mwandishi mwangalifu hutenganisha mambo hayo mawili. Mama mwenye mimba ya miezi minane, aliyekuta zahanati imefungwa, hakuyatenganisha.

Kuhusu vipigo na ubakaji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa takwimu zake hutumiwa ovyo. Mwanzoni mwa Aprili 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitahadharisha kwamba makosa ya kingono yalikuwa asilimia 35.8 ya makosa yaliyoripotiwa katika wiki mbili zilizotangulia. Wengi waliinukuu kama ongezeko la asilimia 35.8, na hiyo si maana yake: ni fungu la makosa ya kingono miongoni mwa makosa yote yaliyoripotiwa. Julai Rais Uhuru Kenyatta aliagiza Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kichunguze ongezeko la ukatili wa kijinsia. Kijijini, njia ya kwanza ya mwanamke anayepigwa ni kuondoka usiku kwenda kwa mama mkwe, kwa dada au kwa mke wa mchungaji. Kafyu iliifunga njia hiyo. Kulikuwa na namba ya bure, 1195, lakini kuipiga kunahitaji simu yenye chaji na pembe ya nyumba ambayo mume hasikii. Mahakama nazo zilikuwa zimepunguza shughuli zake tangu katikati ya Machi.

Mazishi yalibadilika zaidi ya chochote. Huku magharibi, maiti hulazwa nyumbani, watu hukesha, na matanga huchukua siku kadhaa. Ghafla waombolezaji wasizidi 15, na mazishi yafanywe haraka. Aprili 2020 huko Siaya, mtu mmoja alizikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, bila jeneza, familia ikiangalia kwa mbali, na picha zake zikatisha eneo zima. Tangu hapo wengi waliogopa kupimwa kuliko walivyoogopa kuugua. Lakini nitasema na lile ambalo wanaume hawapendi nilitaje: kwa wanawake wengi, matanga mafupi yalikuwa pumziko. Nani huchota maji ya waombolezaji mia tatu? Nani hukesha kwenye sufuria, na nani hubaki na deni la mchele na ng'ombe dume? Baadhi ya wajane walizika waume zao mwaka ule bila kuuza hata kipande cha shamba.

Ndipo ukaja mwaka 2021. Machi, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilifungwa, na kwa kuwa njia kuu ya kutoka Nairobi kuja magharibi hupitia Nakuru, usafiri wetu ukakatika hadi Mei. Mei hiyo aina ya virusi iitwayo Delta ilithibitishwa Kisumu. Juni 1 sherehe za Madaraka zilifanyika Kisumu, watu wakajaa. Wiki mbili baadaye vitanda vya hospitali za Kisumu vilikuwa vimejaa, na Juni 17 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kaunti 13, kutoka Busia na Bungoma hadi Migori na Kericho, kuwa eneo la hatari. Kafyu saa moja jioni tena. Ibada zikasimamishwa. Masoko yasiyo ya chakula wala mifugo yakafungwa kwa siku 30.

Safari hii ugonjwa ulikuwepo. Nilihesabu maturubai ya matanga njiani hadi nikaacha kuhesabu. Lakini wanawake walikuwa wameshatii mwaka mzima ugonjwa usiokuwa na sura, wameuza mbuzi kwa ajili yake, na sasa walipoambiwa wafunge tena, wengi hawakuwa na mbuzi wa pili. Tuliwalaumu kwa ukaidi. Nilikuwa mmoja wa waliolaumu. Na tazama jinsi amri ilivyoangukia: wanawake wawili wameketi turubai moja, mmoja ana nyanya, wa pili ana sweta za mitumba. Wa nyanya akaruhusiwa, wa sweta akafukuzwa. Nilishuhudia wa sweta akitandika nyanya sita juu ya rundo lake la nguo, akamwangalia askari wa kaunti machoni. Askari akacheka, akapita.

Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, shangazi alisubiri hadi Jumatatu ndipo akarudi barabarani na taa yake. Mahali pake palikuwa na kibanda cha kijana wa kuuza chipsi, kimejengwa kwa mabati mapya. Akasogea hatua kama arobaini kuelekea Busia, pasipo na bampu, ambako matatu hazipunguzi mwendo. Wateja wengine walikuwa wameshazoea kununua mboga mchana kwa kijana anayezipitisha nyumbani kwa bodaboda. Siku hiyo ya kwanza aliuza mafungu saba. Saa moja kasoro, bila kuambiwa na mtu, alianza kukunja gunia, kisha akakumbuka, akalikunjua.